Sauti ya Mbele

Stendi ya mabasi ya Dodoma mwezi wa nane haina adabu. Upepo unakuvua mtandio, vumbi jekundu linakuingia mpaka kwenye meno, na wauza zabibu wanakusukumia mabeseni kifuani utadhani umekuja mjini kwa ajili yao tu. Kudra alikuwa amekuja kupokea mzigo wa vitenge kutoka Dar, mali ya duka la kaka yake Mrisho, na basi lilikuwa limechelewa. Alikuwa amevaa gauni la bluu la mikono mirefu, mtandio mweupe ameubana kwa meno, na alikuwa na hasira zake.

Ndipo akawasikia wale wanawake.

Walikuwa wanaimba kwa Kiingereza, kutoka kwenye spika iliyotundikwa nje ya kibanda kimoja karibu na wakata tiketi. Mmoja alitangulia, sauti nyembamba yenye kilio ndani yake, na wengine wakamdaka kila alipoelekea kuanguka. Kudra akasimama katikati ya njia. Mkokoteni ukamkosakosa. Mwenye mkokoteni akamwambia, "Dada, kama umekufa si ulale pembeni," naye hata hakumjibu. Aliingia kibandani moja kwa moja.

Ndani alikuwamo kijana mrefu, mwembamba, shati lake la mitumba lina maua makubwa lakini limepigwa pasi likanyooka. Alikuwa anafuta santuri kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemwosha mtoto uso.

"Hao ni akina nani?" Kudra akauliza.

"Karibu kwanza. Siku hizi salamu zimefutwa?"

"Habari za kazi. Hao ni akina nani?"

Kijana akacheka. "Wasichana wa Kimarekani, weusi kama mimi na wewe. Hiyo ni ya mwaka sitini na mbili. Ulikuwa hujazaliwa."

"Nani kakwambia nimezaliwa lini?"

"Macho yako. Bado yanauliza kila kitu."

Kudra alitaka kuondoka kwa jibu lile, kwa kweli alitaka, lakini wimbo ulikuwa haujaisha. "Mbona kila mmoja anapita njia yake na hawagongani?"

"Huyo mmoja ndiye sauti ya mbele. Wengine kazi yao kumjibu. Akisema ameachwa, wanamuuliza ameachwa na nani. Akisema analia, wanamwambia lia tu, tupo."

"Kumbe ni kama kaswida. Kiongozi na wapokeaji."

Mkono wa kijana ukaacha kufuta. Jina lake lilikuwa Imrani, mtu wa Haneti, na riziki yake ilikuwa kurekodia watu kanda. Santuri zile alizirithi kwa baba yake mkubwa, aliyekuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mmarekani huko Mpwapwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mwalimu aliporudi kwao aliacha kreti zima. Imrani akamwonyesha Kudra majalada yake: wanaume watano ndani ya suti zinazofanana, wameinamisha bega moja kwa pamoja, wasichana watatu wenye nywele zilizopandishwa juu kama kichuguu. Alikuwa amekaa na picha zile tangu utotoni na hajawahi kumsikia mtu akizifananisha na kaswida.

Basi likapiga honi nje. "Mzigo wangu," Kudra akasema.

"Jina je?"

"La nini?"

"Nikirekodi kanda lazima niandike ya nani."

"Kudra. Na sijaagiza kanda."

"Utaagiza," Imrani akasema, akarudi kwenye santuri yake.

Akaagiza, ndiyo. Na alipoisikiliza hakuweza kukaa nayo peke yake. Akaipeleka Miyuji kwa Lea, rafiki yake tangu shule ya msingi, aliyekuwa anaimba kwaya ya Kianglikana. Lea akamwita Priska wa kwaya ya Kikatoliki, mwanamke mnene mwenye sauti nzito ya kutikisa vikombe kabatini. Wale wawili walijua sauti ya pili na ya tatu kama walivyojua kusonga ugali. Kudra alijua kutangulia tu, na ndicho walichokosa. Wakaanza kutunga maneno yao wenyewe, ya Kiswahili, kwa mtindo ule wa santuri, na Ludovick, kaka yake Lea, akawapigia gita. Wakajiita Zabibu.

Wakashona magauni matatu ya satini ya zambarau, kiunoni yamebana, chini yamemwagika. La Kudra likaongezwa mikono mirefu na mtandio wa kitambaa kilekile, na likawa ndilo zuri kuliko yote. Wakajifunza kugeuka pamoja, mkono mmoja mbele, kama wale wa kwenye majalada. Priska kila mara aligeukia upande usio wake.

"Wamarekani wenyewe hawakuwa na makalio haya," alijitetea. "Mnanionea bure."

Imrani alikuja kuwasikiliza kila Jumapili jioni, na hapo ndipo yalipoanza yale mengine. Simu pekee ya Kudra ilikuwa ya dukani, juu ya kaunta, pembeni ya mkono wa Mrisho. Imrani alipiga kutoka posta.

"Haloo, duka la vitambaa."

"Naomba kuongea na sauti ya mbele."

"Shikamoo, mama Priska."

"Marahaba, mwanangu. Umeniota?"

"Hapana, mama. Hiyo rangi imekwisha."

"Basi mimi nimekuota. Ulivaa ile ya zambarau, unanifokea."

"Nitakuangalizia, mama. Ikiwapo utaipata." Akaweka simu, akaanza kukunja khanga ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Huyu mama Priska," Mrisho akasema bila kuinua kichwa, "ananunua vitambaa vya kuvalisha mkoa mzima."

Mrisho hakuwa mtu mbaya, na atakayekwambia alikuwa mbaya hamjui. Baba yao alipofariki yeye ndiye aliyeacha shule akaingia dukani, Kudra akasoma mpaka alipotaka mwenyewe. Lakini alikuwa mtu wa mjini, wa ukoo uliofika Dodoma na misafara ya zamani, na jina la ukoo kwake lilikuwa kama shati jeupe kwenye vumbi. Alipopata habari, maana Dodoma ya wakati ule habari haikukosa miguu, aliifunga milango ya duka mchana kweupe.

"Unaimba."

"Ndiyo, kaka."

"Na watoto wa kanisani. Kwa Kizungu."

"Kwa Kiswahili, kaka."

"Na huyo mrekodi kanda wa Haneti ndiye mama Priska."

Kudra akainamisha kichwa. Mrisho akavuta kiti, akakaa, na alipoanza tena sauti yake ilikuwa ya uchovu. "Abdulrazaki ameleta posa. Yule mfanyabiashara wa ngozi, mwenye lori, wa Kondoa. Mtu mzima, mtaratibu, tunafanya naye biashara. Sijamjibu. Nimesema nitakuuliza."

"Niulize basi."

"Nitakuuliza ukishatulia. Sasa hivi utanijibu upuuzi."

Siku ileile Kudra alikwenda stendi karibu anakimbia. Imrani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuhesabu sababu: baba yake yuko Haneti anapura uwele, baba mdogo ndiye msemaji wa ukoo, mambo haya yana utaratibu.

"Utaratibu ndio unaoniozesha kwa mwingine," Kudra akamkata. "Lete wazee wako, Imrani. Nikichelewa kuwa mkeo sitakuwa mkeo tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mpenzi. Niachie."

Alichofanya Imrani baada ya hapo ni kosa la kijana mwenye haraka: alikwenda kwa Mrisho mwenyewe, mikono mitupu, bila mshenga wala mzee. Kudra alikuwa anatoka kwa fundi cherehani upande wa pili wa barabara alipowaona mlangoni mwa duka. Wamesimama, wameshikana mikono, Mrisho anampigapiga Imrani begani. Kwa kaka yake, mkono begani ulikuwa jambo kubwa. Alipofika dukani Imrani alikuwa ameshaondoka.

"Ana akili kuliko nilivyodhani," Mrisho akasema. "Tumeelewana."

"Mmeelewana nini?"

"Acha wakubwa waongee."

Kudra akamsubiri Imrani mpaka siku ya kurekodi. Maana walikuwa wamekwisha kubaliana kurekodi wimbo mmoja, ule wao mzuri zaidi, upelekwe Dar kwenye redio moja mpya ya watu binafsi. Ndiyo miaka hiyo ya soko huria, redio zinaota mjini kama uyoga, na hiyo moja ilikuwa inatafuta vikundi vipya. Imrani alifika Miyuji amebeba mashine yake na maikrofoni mbili za kuazima.

"Umeongea nini na kaka?" Kudra akamuuliza.

"Kaniambia nisilete wazee mpaka aniite."

"Na kuimba je? Kasema nini?"

Imrani akainama kwenye waya zake. "Tulizungumza. Sipendi kukwambia leo, utaimba vibaya."

Kisha akafanya jambo la ajabu. Akawasimamisha Lea, Priska na Ludovick sebuleni mbele ya maikrofoni moja, na Kudra akampeleka chumba cha kulala na ile ya pili. Akatundika blanketi zito mlangoni. Kudra alibaki humo peke yake, katikati ya masanduku ya Lea, akiwasikia wenzake kwa mbali.

"Kwa nini mimi nitengwe?"

"Utaona mwenyewe," Imrani akasema, akatabasamu. Ndivyo alivyokuwa, alipenda kumshtua mtu kwa zawadi. Lakini mtu anayesubiri posa na aliyefungiwa nyuma ya blanketi haioni zawadi, anaona blanketi tu. Kudra akaimba. Aliimba kwa woga wote aliokuwa nao, na nyuma ya blanketi Priska na Lea wakamjibu.

Kesho yake Imrani akapanda basi la Dar na kanda. Nakala ya Kudra ililetwa dukani na Priska, ndani ya mfuko wa nyanya. Mrisho alikuwa nyuma akipokea mzigo. Kudra akaitumbukiza kwenye redio ya duka, dude kubwa lililotoka Dubai lenye spika mbili. Moja ilikufa tangu mvua ya mwaka jana ilipovujia, lakini taarifa ya habari na matangazo ya vifo vilisikika vilevile, basi hakuna aliyehangaika nayo.

Gita likaanza. Zikafuata sauti za Lea na Priska, safi kabisa, wakauliza swali lao. Wakanyamaza wamsubiri wa mbele. Kimya. Wakajibu. Wakauliza tena, wakasubiri, kimya, wakajibu. Walimjibu mtu ambaye hayupo. Ukitega sikio sana kulikuwa na kitu kwa mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu, kama chaki iliyofutwa kwa kiganja ikabaki alama yake.

Kudra akarudisha kanda nyuma, akaipiga tena. Akakalia robota la vitenge.

Mrisho akatokea, akasimama akisikiliza. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu siku ile, ukalainika. "Wanaimba vizuri hawa watoto," akasema. "Na wewe humo hupo?"

"Sipo."

"Basi kijana yule muungwana. Nilimwambia sitaki kusikia sauti yako redioni. Akaniambia nimekusikia, kaka. Nikadhani ananiridhisha tu."

Hebu fikiria kukaa pale na kuambiwa hivyo, kwa nia njema, na mtu unayempenda. Kila kitu kikajipanga chenyewe: mkono begani, wazee wasioitwa, mambo ambayo hakutaka kumwambia, chumba, blanketi. Alimtenga ili iwe rahisi kumfuta. Alimwacha aimbe kwa moyo wote huku anajua. Kudra hakulia, na alijishangaa kwamba halii.

Saa za alasiri simu ikalia.

"Haloo, sauti ya mbele." Imrani, kutoka Dar, magari yanapiga honi nyuma yake. "Kanda umeipata?"

"Nimeipata."

"Sasa sema kitu, mpenzi. Roho iko juu tangu jana. Umeona nilivyokuweka?"

"Nimeona ulivyoniweka."

"Umefurahi?"

Mrisho alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Kudra akageukia ukuta. "Usipige tena hapa, mama. Ile rangi haiji tena." Akaweka simu. Ikalia mara nyingine, akaiacha ilie mpaka ikachoka, na mteja alipoondoka alikuwa ameshaamua.

"Kaka. Ile posa. Mwambie amekubaliwa."

Mrisho akaacha kukunja kitambaa. "Una uhakika?"

"Ulisema utaniuliza. Nimejibu."

Mambo yakakimbizwa, kwa sababu Abdulrazaki alikuwa na safari ya kupeleka ngozi na alitaka aende ameoa. Ndoa ikapangwa Ijumaa, baada ya sala. Kudra akapakwa hina mikono yote mpaka viwiko, akavalishwa gauni la pinki lenye lasi kifuani, akakalishwa kwenye mkeka chumba cha ndani. Nje sufuria za pilau zilikuwa zimepangwa uani, baraza imejaa kofia na kanzu. Shangazi Anifa, dada wa marehemu baba yake, alikuwa anaamrisha kila kiumbe mle ndani, mpaka kuku.

Lea na Priska wakaingia bila kubisha, nyuso zimewavimba.

"Tumekuja kuuliza neno moja," Lea akasema. "Ukishajibu tutakula pilau twende zetu. Kwa nini umetukimbia? Kanda imetoka vile, halafu hata kutuambia asanteni?"

"Kamuulizeni Imrani aliyenifuta."

Wakatazamana. "Nani kafutwa?" Priska akauliza. "Kanda nzima ni wewe. Sisi tunaonekana kama wapika chai tu."

"Nimeisikiliza mara mbili, Priska. Sipo."

Lea hakubishana. Akatoa mkobani redio ndogo ya kaseti ya Ludovick, ile ya kuning'iniza kiunoni, akamvalisha Kudra hedifoni chini ya mtandio, maana mwenyewe mikono ilikuwa mibichi kwa hina. Akabonyeza.

Sikio la kushoto lilikuwa na gita, Lea na Priska. Na sikio la kulia alikuwamo yeye. Peke yake, mbele kabisa, karibu mno, mpaka alisikia alivyovuta pumzi kabla ya kuanza. Sauti ile ilikuwa na woga na ilikuwa nzuri, na hakuwahi kujua kwamba ni nzuri hivyo. Lea akamtoa hedifoni sikio la kulia: Kudra akapotea, wakabaki wapokeaji na kimya kati yao. Akamrudishia. Kudra akarudi.

"Ludovick anasema santuri zile za zamani nyingi zilirekodiwa hivi," Lea akasema. "Mwimbaji spika hii, wenzake spika ile. Imrani alikutundikia blanketi ili usichanganyike na mtu. Alitaka upande mzima uwe wako."

"Redio ya dukani," Kudra akasema polepole, "spika moja imekufa."

"Kumbe anayekuoza ni spika," Priska akanong'ona, na hakukuwa na utani usoni mwake.

"Yuko wapi?"

"Karudi jana. Wamempa habari wauza zabibu, kabla hata hajashusha begi. Leo kibanda hakukifungua."

"Bado ananitaka?"

Lea akamshika bega. "Sijui, Kudra. Sikudanganyi. Amekasirika sana."

Pazia likafunuliwa, Shangazi Anifa akaingiza kichwa. "Nyinyi wageni sogeeni. Maalim anakuja kuchukua idhini." Akamfunika Kudra khanga kichwani, akairekebisha. "Sikiliza, mwanangu. Mwari haongei. Akikuuliza, nyamaza, kunyamaza kwako ndiko kuridhia. Ukiona haya lia kidogo, hiyo pia inahesabika."

"Na asiyetaka anafanyaje, shangazi?"

"Nyumba hii hajatokea," shangazi akasema, akaenda kuwapanga wanawake wa vigelegele.

Kudra akapiga hesabu zake. Akinyamaza, ameolewa. Si lazima afanye chochote, akae tu vile alivyokaa, na jioni atakuwa njiani kwenda Kondoa. Akisema, atakuwa amemwaibisha Mrisho mbele ya mtaa mzima, Mrisho aliyeacha shule kwa ajili yake, na huko stendi huenda hakuna anayemsubiri. Hakuwa na mtu wa kumpigia simu. Viatu vya wanaume vikaburuzwa kwenye ukumbi.

Maalim alisimama nje ya pazia na mashahidi wawili, Mrisho nyuma yao. Sauti yake ilikuwa ya upole. "Kudra binti wa marehemu. Kaka yako, walii wako, anataka kukuoza kwa Abdulrazaki, kwa mahari mliyokubaliana. Umeridhia?"

Kudra akafungua mdomo. Neno halikutoka. Kimya kile, ambacho kilikuwa woga mtupu, kikapokelewa nje kwa furaha. Mtu akasema alhamdulillahi.

"Nakuuliza mara ya pili, binti yangu. Umeridhia?"

Alimwona Mrisho kupitia upenyo wa pazia. Alikuwa amevaa kanzu mpya na alikuwa anatabasamu, kwa haya, tabasamu la mtu aliyetua mzigo. Kudra akafumba macho. Akajaribu tena, na tena halikutoka. Wanawake uani wakavuta pumzi. Mmoja mwenye haraka akaachia kigelegele.

Maalim akauliza mara ya tatu. Akasubiri kidogo, kisha akageuka, kanzu yake ikasugua pazia, akamwambia shahidi, "Basi tumepata."

"Maalim," Kudra akasema. "Sijaridhia."

Kigelegele kikakatika katikati. Mrisho akafunua pazia mwenyewe. "Maalim, ana haya. Hajui anachosema."

"Nimemsikia, Mrisho," maalim akasema. "Na hawa mashahidi wamemsikia. Hapa hakuna ndoa."

"Kudra, watu wamekaa nje."

"Najua, kaka." Sasa sauti ilikuwa imefika, na ilikuwa inatetemeka lakini haikurudi. "Nisamehe kwa ajili ya watu. Uliniuliza nikakujibu kwa hasira, nikakudanganya. Sitaki nikudanganye na mara ya pili. Namtaka yule wa Haneti. Hata kama yeye hanitaki tena, huyu sitaki."

Mrisho akasimama pale, kanzu mpya, mikono inaning'inia. Akatoka. Kudra akamsikia akizungumza barazani, maneno machache, kisha sauti ya Abdulrazaki, nzito na tulivu: heri amesema leo kuliko angesema kwangu, na pilau lisiharibike, wapeni watu wale. Mtu wa watu, yule. Wapo watakaokwambia alilia garini, lakini mimi hayo siyasemi.

Mrisho alirudi mara moja tu, akasimama mlangoni. "Leo usinisemeshe," akamwambia. "Sijui nitakwambia nini kesho. Leo usinisemeshe kabisa." Na Shangazi Anifa, ambaye kila mtu alimtegemea apige kelele, akamtupia Kudra baibui lake jeusi. "Kanawe hiyo hina, uende unakokwenda kabla sijapata akili."

Kibanda cha stendi kilikuwa kimefungwa nusu. Kudra akainama, akapita chini ya mlango. Imrani alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapanga santuri kwenye kreti na magazeti katikati yake, shati lile la maua limekunjamana. Alitazama lasi ya pinki iliyochungulia chini ya baibui, akatazama viganja vyekundu, akarudi kwenye kreti.

"Hongera," akasema.

"Sijaolewa."

Mikono yake ikasimama, halafu ikaendelea. "Basi la Mpwapwa linaondoka sasa hivi. Nazirudisha zilikotoka."

"Imrani, redio ya dukani ina spika moja."

"Lea kaniambia, alikuja mbio hapa maalim alipokuwa anaingia kwenu." Akanyanyuka, na sasa hasira ilikuwa wazi. "Umekubali mtu kwa sababu ya redio mbovu, Kudra. Hukuniuliza. Nilikupigia kutoka Dar, nikakuuliza umefurahi, ukaniita mama."

"Na wewe uliniuliza? Uliongea na kaka yangu habari ya sauti yangu, ukaniambia sitakwambia. Uliniweka nyuma ya blanketi, ukaniambia utaona mwenyewe. Uliambiwa usubiri kuitwa, ukasubiri. Mimi nakuona wewe na kaka mmeshikana mikono, nifikiri nini?"

"Nilishika mkono wake kwa heshima. Nilimwambia kuimba ni kwako, si kwangu wala kwake, atakayekubali ni wewe. Akasema hataki kuisikia sauti yako redioni, nikasema nimekusikia, kaka, ili nitoke salama." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilitaka uisikie kwanza. Nilijua ukiisikia ile sauti hutaogopa mtu."

"Nimeisikia leo," Kudra akasema. "Ndiyo maana nimekuja. Nimemwambia maalim sijaridhia, mbele ya mashahidi. Nilikuwa sijui kama utanifungulia mlango."

Imrani akakaa juu ya kreti. Nje mpiga debe alikuwa anaita Mpwapwa, Mpwapwa, nafasi ya mwisho. Hakuinuka.

"Wale wa redio," akasema baadaye, chini chini, "wamesema wanataka kumwona huyo wa mbele."

"Kaka hatakuita, Imrani. Sijui atachukua muda gani kutulia. Nakuita mimi. Lete wazee, wakae barazani kwake mpaka achoke kuwatazama."

"Watakuja kesho. Hata kama uwele haujapurwa." Akasimama, akaja mpaka karibu, hakumgusa. Mikono akaiweka nyuma. "Mimi si maalim, sijui kuuliza vizuri. Mimi ni Imrani wa Haneti. Sina lori. Nakuuliza kabla yao, ili safari hii niwe nimekuuliza wewe. Umeridhia?"

Kudra akamtazama. Akanyamaza.

Basi la Mpwapwa likatoka stendi, vumbi likaingia chini ya mlango. Imrani akasubiri.

"Kudra?"

Kimya.

"Kudra, sema kitu. Mwenzio nakufa hapa."

Kudra akashusha macho, kwa haya zote za mwari wa kufunzwa, akainua pindo la mtandio akauziba mdomo wake unaocheka.

"Nimeshakujibu," akasema. "Waulize wanaojua."